Kaburi Tupu kwa Mzee Kipkosgei

SEHEMU YA TISA

"Wilkista, hiyo kaburi haina mtu."

Kwa maneno hayo tuliachana Jumamosi iliyopita, na nimesikia kuna mama mmoja wa Siongiroi aliyelikunja gazeti akalitupa kwenye kuni kwa hasira. Mama, pole. Liokote tuendelee, maana hasira yako na ya Wilkista ni moja.

Na wewe uliyejiunga leo, sikiliza mara moja nisirudie. Phelix Ooko ni mtu wa boila katika kiwanda cha chai, huku kwetu Kericho. Mkewe Wilkista huchuna majani. Mwaka mmoja na nusu uliopita mtoto wao wa kwanza, waliyemwita Antony, alizaliwa bila pumzi katika hospitali moja upande wa Bomet. Tangu siku hiyo, nyumba yao ya vyumba viwili pale kambini imekuwa na watu wawili wasiosemezana. Mara mbili Wilkista alifunga nguo zake aende kwa dada yake Molly, Mulot. Mara ya tatu mchungaji wao akamwambia, kabla hujaenda, jaribuni kaunsela.

Ndipo wakampata Bi. Rebeccah Chepkurui, kaunsela wa ndoa aliye Kericho mjini. Huonana nao kwa simu, kwa video, kila Jumamosi saa tisa mchana. Leo ni kikao cha sita. Wilkista alikuwa amesema mbele ya wote wawili kwamba hiki cha sita kikiisha hivi hivi, anakwenda Mulot na harudi.

Basi hakikuisha hivi hivi.

Waliketi kitandani, bega kwa bega lakini mbalimbali, simu imeegemezwa kwenye kopo la Kimbo dirishani, mahali pekee penye mtandao. Phelix, aliyetoka kusema maneno yale ya kaburi, alikuwa ameshika kijiko cha chai. Hicho ndicho kijiko cha Bi. Rebeccah: mwenye kijiko husema, asiye nacho husikiliza, tena kabla hajajibu hurudia kwa mdomo wake alichosikia. Sheria ya kitoto, utasema. Lakini kwa sheria hiyo ya kitoto watu hawa walikuwa wameanza tena kula sahani moja, na Phelix aliondoka kwenye kiti cha sebuleni alikolala miezi kumi akarudi kitandani.

"Wilkista," Bi. Rebeccah akasema polepole, "umesikia nini?"

Wilkista alifungua mdomo.

"Usijibu bado. Sema tu umesikia nini."

"Madam, hii sheria yako leo ni mbaya."

"Najua. Pole sana. Lakini mtu akijibu kitu hajasikia vizuri, anajibu ingine."

Wilkista aliangalia mikono yake. "Nimesikia Baba Antony akisema... kaburi ya Antony haina mtu."

Alipoisema mwenyewe, ndipo ilipomwingia. Kila Jumapili baada ya kanisa alipita njia ya mzee Kipkosgei, anayewauzia maziwa, akapiga magoti kando ya ule uzio wake wa sipresi, akang'oa magugu kwa vidole. Alimweleza mtoto habari za wiki. Nani ameolewa, mashine mpya za kuchuna zimefika shamba gani, baba yake amekula au hakula. Siku moja mvua ilimkuta huko, akavua sweta lake akalifunika kaburi, akarudi kambini akitetemeka.

"Sasa mimi nimekuwa nikiongea na nani?" akauliza.

Akanyanyuka, akanyoosha mkono kwenye simu.

"Nazima hii kitu."

"Unaweza kuzima," Bi. Rebeccah akasema. "Simu ni yako, na hakuna mtu atakulaumu. Lakini ukizima sasa, utabaki na hiyo sentensi moja. Iliyobaki bado iko kwa mdomo ya Phelix."

Mkono wa Wilkista ulining'inia hewani. Kisha akaketi, safari hii pembeni kabisa ya kitanda, goti lake likigusa ukuta.

"Aseme yote," akasema. "Halafu naenda."

Phelix alianza. Sauti yake ilikuwa chini sana, na nyinyi mnaokaa huku mnajua mvua ya saa tisa yetu. Ilishuka na mawe yake, yakapiga mabati mpaka mtu asijisikie mwenyewe.

"Nilienda mochari. Yule mtu wa huko akaniuliza..."

"Sijasikia, Phelix. Kuna mvua huko?"

"Akaniuliza mtoto tunazika wapi!"

"Ukamwambia nini?"

"Sikuwa na jibu! Hii nyumba ni ya kampuni. Hii ardhi yote unaona ni ya kampuni. Babu yangu alikuja hapa kuchuna, baba yangu akachuna, mimi nimezaliwa kambi namba nne, na hatuna hapa hata mahali ya kuzika kuku!"

"Na nyumbani kwa baba yako, Kendu?"

Phelix alikigeuza kijiko mkononi. Akasema kitu.

"Sijasikia."

"Nimesema huko siwezi kwenda! Unajua siwezi!"

"Kwa hivyo ukafanya nini?"

Akanong'ona. Bi. Rebeccah akasogeza sikio lake kwenye simu ya kwake, na sikio hilo likajaa kioo chote.

"Phelix, mvua imekushinda. Rudia."

"NILIWAAMBIA HOSPITALI WAMZIKE WENYEWE! NIKATIA SAINI, NIKATOKA!"

Mvua gani ingeizuia sauti ile? Nyumba za kambi zimegawanywa kwa ukuta mmoja mwembamba. Upande wa pili wa pazia, sebuleni, kikombe cha bati kilianguka sakafuni kikaviringika.

Huyo alikuwa Monicah, mama yake Phelix. Yeye ana chumba chake mlango wa tatu, kwa jirani mjane, kwa sababu kwao mama halali katika nyumba ya mwanawe. Mchana hushinda sebuleni akichambua mchele. Na ndiyo sababu Phelix alitaka vikao vifanywe chumbani. Chumba cha kulala cha mwana ni mahali ambapo mama hakanyagi kabisa, hata moto ukiwaka. Miaka sita Monicah hajawahi kulivuka pazia lile.

"Endelea," Wilkista akasema. Alisema bila kumtazama.

"Siku ya nne ndiyo uliamka vizuri, ukaniuliza nimemzika wapi. Ulikuwa umeshonwa. Hata kukaa huwezi. Ningekwambia nini, Wilkista? Nikwambie nimemwacha kwa watu? Nikaenda kwa mzee Kipkosgei, penye tunanunua maziwa. Nikamwambia niko na mtoto na sina mahali. Yule mzee hakuuliza mara mbili. Alisema mtoto hana kabila, chimba hapo kwa sipresi."

"Anajua?"

"Hajui. Alivua kofia akaomba na mimi. Hajui."

"Na ndani uliweka nini?"

Phelix akakwaruza mpini wa kijiko kwa ukucha.

"Nimekuuliza uliweka nini, maana mimi niliona hiyo mchanga imeinuka. Kulikuwa na kitu."

"Katoni. Na ile shali nyeupe. Na soksi."

"Soksi gani?"

"Zile ulifuma."

Wilkista alizifuma soksi zile mwezi wa saba wa mimba yake, uzi wa njano, miguu ikiwa imevimba hawezi kwenda shambani. Mguu mmoja ulimtoka mkubwa kidogo kuliko mwingine, akacheka akasema mtoto atazoea.

"Umezika soksi, Phelix," akasema.

Msomaji, hebu simama hapo kidogo. Tangu kuzaliwa na kufa kwa mtoto yule, Wilkista hakumwita mumewe jina lingine ila Baba Antony. Majirani walimwonya kwamba si vizuri kumwita mtu kwa jina la mtoto asiyekuwepo. Alikataa. Sasa jina hilo halikumjia mdomoni, akabaki Phelix mtupu, na Phelix alilisikia.

"Wilkista," Bi. Rebeccah akasema, "sitakwambia urudie hiyo. Chukua kijiko."

"Sitaki kijiko."

"Basi sema bila kijiko. Lakini anza na 'mimi'. Ukianza na 'wewe', atajificha."

Wilkista aligeukia simu.

"Mimi... mimi ni mjinga. Kila Jumapili mimi nimepigia katoni magoti. Wanawake wa kanisa walinicheka nyuma ya mgongo, nikasema wacha wacheke, mimi niko na mtoto wangu hapa. Kumbe hata hapo sina. Mimi sina chochote."

"Phelix, umesikia nini?"

Nilidhani atajitetea. Hata mimi ninayeandika nilidhani hivyo, maana nawajua wanaume wa kambi. Wao husema kaunsela ni wa wazungu na wa walioshindwa na wake zao. Lakini Phelix alirudia. Neno kwa neno, sauti ikikatika: kwamba mkewe amejiona mjinga, kwamba amepigia katoni magoti, kwamba hana chochote. Kisha akaongeza la kwake.

"Na mimi nilikuwa nakuona. Kila Jumapili nakufuata. Nasimama huku chini kwa majani, nakuona ukiongea. Nasema leo nitaenda nimwambie. Nafika kwa ile miti ya kwanza, miguu inakataa. Ulipovua sweta ile siku ya mvua, nilirudi boila nikalia mpaka mwenzangu Masese akaniuliza kama moshi imeingia macho."

"Kwa nini hukuniambia, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa barua?"

"Kwa sababu ungeenda."

"Si naenda sasa?"

"Eeh," Phelix akasema. "Najua."

Na hapo mtu yule alilia waziwazi, mkono mmoja umeshika kijiko, mwingine hajui auweke wapi. Wilkista hakumshika. Lakini hakuondoka pia, na goti lake liliacha ukuta. Bi. Rebeccah aliwaacha walie. Huyo mama ana kipawa kimoja ambacho wengi wetu hatuna, anajua kunyamaza. Mvua ilipungua.

Mwishowe Wilkista alijifuta uso kwa leso.

"Mimi nataka kitu moja tu. Hospitali walimzika wapi?"

"Hiyo tunaweza kutafuta," Bi. Rebeccah akasema haraka. "Wanaweka rejista. Jumatatu asubuhi nitapiga simu pamoja na nyinyi, tuwe watatu kwa laini. Tutauliza tarehe, tutauliza mahali. Hata kama ni kaburi ya pamoja, utajua ni wapi. Utasimama hapo. Umenisikia?"

Wilkista aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuona mbele yake kitu cha kushika.

"Jumatatu," akasema.

"Hakuna haja ya Jumatatu."

Sauti hiyo haikutoka kwenye simu. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na Monicah alikuwa amesimama ndani ya chumba cha mwanawe.

Phelix aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mama! Huku ni ndani!"

"Naona ni ndani. Sina macho?"

"Mama, toka, tafadhali."

"Nimekaa nje mwaka na nusu, Phelix. Nilisema siku utasema kwa mdomo yako, siku hiyo nitaingia. Umesema. Nimeingia."

Bi. Rebeccah alikuwa akijaribu kuona ni nani, lakini kioo kilimwonyesha tumbo la gauni na vidole viwili vyeupe kwa vumbi la mchele. "Samahani, hii sesheni ni ya watu wawili. Wilkista, huyo ni nani? Unataka aongee?"

"Ni mama," Wilkista akasema. "Wacha aongee."

Monicah hakuketi. Alisimama juu ya mkeka, viatu amevishika mkononi.

"Nyar Alego," akamwambia mkaza mwanawe, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Alego. "Mtoto hayuko hospitali. Siku ya pili nilienda kukuona. Ulikuwa bado umelala. Nikaenda mochari nimwone mjukuu wangu, yule mtu akaniambia baba yake ametia saini wamtupe."

"Si kutupa, Mama," Phelix akasema.

"Wewe nyamaza. Nikatoa kitambulisho. Nikamwambia mimi ndiye nyanya, huyu haendi kwa shimo la serikali. Nikaweka kidole, wakanipa. Nyinyi nikawaambia naenda matanga Oyugis. Haikuwa matanga ya Oyugis. Nilimpeleka nyumbani, Kendu. Nikamzika nyuma ya nyumba yangu, penye mtoto mdogo anazikwa. Ouko alikuja akanikuta nimemaliza. Hakuniuliza kitu, alinishikia tu jembe."

Ouko huyo ni kaka mkubwa wa Phelix. Mtakumbuka, au sasa mjue, kwamba wawili hao hawajasalimiana miaka minane.

Wilkista alikuwa amesimama. Mikono yake ilishika gauni la mama mkwe wake, mahali pa bega, kwa nguvu.

"Ulimwona?"

"Nilimwogesha."

"Kwa maji gani?"

"Ya moto. Nilichemsha. Siwezi kumwogesha mtoto kwa maji baridi."

"Alikuwa anafanana nani?"

"Masikio ya huyu," Monicah akasema, akielekeza kidevu kwa mwanawe. "Lakini mdomo wako. Nywele nyingi mpaka huku shingoni. Kidole gumba alikuwa ameficha ndani ya ngumi, nikajaribu kukitoa, nikasema wacha, akae anavyotaka."

Wilkista alicheka na kulia kwa mara moja. Huko ndiko kulia ambako mwili wake ulikuwa umekungoja mwaka na nusu. Alimlalia mama yule begani, na mama yule, ambaye hajui mambo ya kukumbatiana, akampigapiga mgongo.

"Nilimfunga leso yangu ile mpya," Monicah akaendelea. "Nikamwangalia, nikasema, Nyasaye, Mungu wangu, msichana mzuri hivi..."

"Msichana?"

Wilkista alijitoa begani.

"Mama, Antony alikuwa kijana," Phelix akasema.

Monicah alimgeukia mwanawe. "Nani alikwambia? Hilo la Antony nilidhani mnamkumbuka tu baba ya huyu."

"Ni... ilikuwa kijana."

"Nilimwogesha mimi, Phelix. Na kwa mguu alikuwa na plasta imeandikwa jina ya mama yake, na imeandikwa ni wa kike. Nilimwomba askari wa lango anisomee nisije nikabeba wa watu wengine. Nani alikwambia ni kijana?"

Bi. Rebeccah alisema taratibu sana, na kama angeweza kutoka kwenye ile simu akamshika mkono, nadhani angetoka. "Phelix. Wewe ulimwangalia mtoto?"

Kijiko kilikuwa bado mkononi. Alikiweka kitandani.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nesi alimleta amefunikwa. Akaniuliza, baba, unataka kumwona? Nikamwambia peleka tu. Ile karatasi pia sikusoma. Nilitia saini."

"Sasa Antony alitoka wapi?" Wilkista akauliza. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Ni wewe," Phelix akasema. "Ulipotoka theta ya upasuaji, hata macho haujafungua, uliniuliza, kijana wangu yuko wapi? Miezi yote uliniambia ni kijana, utamwita jina ya baba yako. Sikuweza kukwambia sijui. Nikasema amepumzika. Halafu ikawa hivyo."

Ikawa hivyo. Jina la baba yake Wilkista aliyekufa likakaa juu ya katoni kando ya sipresi, na mama mtu akalia kijana ambaye hakuwahi kuwepo. Binti yake naye akalala Kendu, asililiwe na mtu ila nyanya yake. Mnisamehe. Nimekaa na sehemu hii siku tatu nikitafuta namna ya kuipunguza, sikuipata.

"Kwa hivyo binti yangu hana jina," Wilkista akasema.

"Hana," Monicah akasema. "Mimi sikumpa. Nilimwambia mama yake atakuja kumwita. Nikamwambia angoje kidogo."

Wilkista aligeuka. Akachukua sweta msumarini, akachukua leso, akavaa viatu vya mvua bila kufunga chochote.

"Nipeleke."

Phelix naye aliinuka, akatafuta koti lake.

"Wewe kaa," Wilkista akamwambia. "Wewe uliulizwa unataka kumwona, ukasema peleka tu. Kaa hapo na madam. Mama, twende, gari ya mwisho ya Kisii bado haijapita."

Lakini Monicah hakusogea juu ya ule mkeka.

"Nyar Alego, haiwezekani."

"Nini haiwezekani?"

"Wewe haujawahi kuingia pale kwetu. Huyu alikuoa huku kambini, hajakupeleka nyumbani hata siku moja. Mke akiingia boma ya baba mkwe mara ya kwanza, mume ndiye anatangulia kwa lango. Ukiingia na mimi, ni kama umeingia ukiwa mjane. Utakuwa umemzika akiwa hai. Ouko hatafungua. Hata mimi siwezi kukufungulia."

Sasa nawe msomaji umeuona mtego. Njia ya kwenda kwa binti yake ilipita kwa mtu yule yule aliyekuwa ametoka kumwambia akae.

Na mtu huyo ana lake. Miaka minane iliyopita, siku ya kumzika baba yao, Ouko alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema Phelix alimwacha mzee afe bila hata kuja kumwona. Phelix aliokota udongo wa kaburi lile, akauweka kwenye ulimi, akaapa: mguu wangu ukikanyaga hapa tena, mnizike siku hiyo hiyo. Kwao kiapo cha udongo si maneno ya hasira. Wapo waliovunja, na watu wa Kendu wanaweza kukuonyesha makaburi yao.

Ndiyo sababu alitia saini. Hakuwa na pa kumpeleka mtoto ila mahali ambapo angekufa akifika.

"Madam," Phelix akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba maji, "niambie nifanye nini."

"Siwezi kukuambia hiyo, Phelix," Bi. Rebeccah akajibu. "Na sitakwambia kiapo chako ni bure, kwa sababu kwako si bure. Mimi naweza kukuomba kitu moja tu. Usiongee na mimi. Mke wako ndiye amesimama hapo."

Phelix alimgeukia mkewe. Wilkista alikuwa mlangoni, pazia limemwangukia begani.

Wilkista ndiye aliyetangulia kusema. Majivuno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo, aliyaweka chini.

"Phelix," akasema, "nimekwambia ukae. Nimerudisha hiyo. Utanipeleka kwa mtoto?"

Phelix alivaa koti lake. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. Kisha akampita pale mlangoni bila kumgusa, akapita sebuleni, akatoka nje.

Walisikia pikipiki ikikataa, ikikohoa, ikiwaka. Waliusikiliza mlio wake. Kama ungepanda juu, ungekuwa unaelekea barabara ya lami. Haukupanda. Uliteremka upande wa kiwanda, ukazidi kufifia katikati ya majani mpaka usisikike.

"Wilkista?" Bi. Rebeccah akaita. "Amesema nini? Ameenda wapi?"

Wilkista hakujua.

"Hata siku ile ya baba yake alitoka hivyo," Monicah akasema. "Hakusema neno. Ilikuwa miezi minne kabla nimwone tena."

Nje, mvua ilikuwa imekatika kabisa. Wilkista akajifunga leso kiunoni, akaikaza mara mbili, akamshika mama mkwe wake mkono.

"Twende, Mama."

"Nimekwambia huwezi kuingia."

"Sitaingia. Nitasimama nje ya lango. Wewe utaenda mpaka hapo nyuma ya nyumba, ukae na yeye. Mimi nitamwita kutoka huko nje," Wilkista akasema. "Atasikia. Hajawahi kuitwa, lazima atasikia."